Shajara ya mradi: kompyuta ya sebuleni isiyo na kelele, kwa shilingi 500,000

Jumamosi, 6 Julai 2024

Kipupwe kimeingia na pangaboi la sebuleni limepumzika tangu wiki iliyopita. Hapo ndipo tulipoanza kuisikia kompyuta. Mwaka mzima ilikuwa ikivuma pale chini ya runinga, sauti yake ikimezwa na pangaboi, na hakuna aliyelalamika. Sasa usiku hapa Tabata, Dar es Salaam, kumetulia, madirisha yamefungwa, na kompyuta inanguruma kama friji la duka la soda.

Anayeumia ni Baba. Ana miaka 74 na anavaa kifaa cha kumsaidia kusikia tangu mwaka juzi. Kifaa kile hakichagui: maneno kinayakuza na mvumo wa feni kinaukuza. Jana alikuwa anatazama harusi ya baba yangu mdogo ya mwaka 1991, mmoja wa mikanda yetu 58 ya VHS tuliyoihamishia kwenye diski. Ikafika sehemu marehemu baba mkubwa anasimama kutoa nasaha kwa bwana harusi. Baba akainama mbele, akaweka kiganja nyuma ya sikio, halafu akavua kifaa na kukiweka mezani.

"Mwanangu, hilo sanduku linamziba kaka yangu."

Basi naanza. Bajeti ni shilingi 500,000. Runinga ya inchi 43 ipo, diski ya nje ya TB 2 yenye mikanda yote ipo. Kipimo cha kufaulu ni kimoja: Baba akae kwenye kochi lake, mita 3 kutoka kwenye runinga, pangaboi limezimwa, asikie nasaha za kaka yake bila kuinama.

Jumanne, 9 Julai

Kabla sijanunua chochote nimetaka kujua kelele inatoka wapi hasa. Nimefungua ubavu wa kompyuta ya sasa, ile ya mnara niliyoirithi ofisini yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i5-4570, nikakunja gazeti kama bomba, ncha moja sikioni, nyingine nikaipitisha juu ya kila kitu kinachozunguka. Njia hii inafaa kuliko programu za simu za kupima desibeli. Simu yangu inaonyesha 38 hata nikiwa nimezima kila kitu. Maikrofoni yake haiwezi kushuka chini ya hapo.

Feni ya pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme: mvumo mzito, hautulii. Feni ya prosesa: nimeibana kitovu chake cha plastiki kwa kidole, sekunde 2 tu, kelele ikapungua karibu nusu. Lakini kilichonishangaza ni diski. Inazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Mtetemo huo unapita kwenye skrubu, unaingia kwenye bati la kasha, kisha unashuka kwenye kabati la mninga. Nikiweka kiganja juu ya kabati nausikia mkononi. Kabati lote limegeuka ngoma. Nilipochomoa waya wa diski, ule uzito uliokuwa chumbani ukaondoka mara moja.

Halafu nikafanya jaribio ambalo, naona, ndilo limeamua mradi huu. Nina video ya mahafali ya mpwa wangu, nimeihifadhi kwa namna mbili: faili moja la H.264 na jingine la HEVC ya biti 10. Hiyo ni miundo miwili ya kubana video; HEVC ndiyo mpya zaidi, na biti ni kina cha rangi zake. Picha ni ileile, idadi ya nukta ni ileile. Nikacheza ya kwanza: prosesa inafanya kazi asilimia 5, feni mizunguko 1,100 kwa dakika. Nikacheza ya pili: prosesa ikapanda hadi asilimia 38, na baada ya dakika nne feni ikafika 1,900.

Sababu ni hii. Ndani ya prosesa hizi za Intel kuna kipande kinachofanya kazi kama king'amuzi: kazi yake ni kufungua video iliyobanwa, na hufanya hivyo kwa umeme kidogo sana. Lakini kinafungua miundo kinayoijua tu. Hii i5-4570 ilitoka 2013, mwaka uleule kiwango cha HEVC kilipopitishwa, kwa hiyo king'amuzi chake hakikijui. Video inapokuja katika muundo huo, viini vya prosesa, yaani injini zake za kazi zote, vinalazimika kuifungua kwa nguvu, fremu baada ya fremu. Kazi inazaa joto, joto linaamsha feni, feni inamziba baba mkubwa.

Nilikuwa nimepanga kununua feni nzuri, ile ya Noctua ya rangi ya kahawia ambayo kila mpenda ukimya anaisifu. Sifa zake ni za haki, lakini ingekuwa kutibu kikohozi na kuacha moshi ndani ya nyumba. Shilingi yangu ya kwanza iende kwenye king'amuzi.

Jumapili, 14 Julai

Nimeshinda na daftari.

Jambo la kwanza ni 4K, picha yenye nukta mara nne ya zile za runinga yetu. Kila muuzaji ataniuliza kama nataka 4K, kwa hiyo nimepiga hesabu mapema. Jicho zima linatenganisha vitu viwili vikiwa na pembe ya dakika 1 kati yao. Kwa umbali wa mita 3, hiyo ni karibu milimita 0.9. Runinga yetu ina upana wa sentimita 95 na nukta 1,920 kwa mlalo, kila nukta ni kama nusu milimita. Tayari ni ndogo kuliko uwezo wa macho tuliyonayo pale kwenye kochi. Fedha ya 4K inabaki mfukoni, na tundu la HDMI 1.4 linatosha kabisa. Mikanda ya VHS yenyewe, baada ya kuhamishwa, ni nukta 720 kwa 576.

La pili ni joto letu. Ushauri mwingi kuhusu kompyuta za kimya umeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako chumba kiko nyuzi 20. Sebule yetu mwezi wa Januari ni 31 au 32. Prosesa ikitumia wati zilezile, nyuzi 11 za chumba zinapanda nayo moja kwa moja: iliyokuwa 60 kule itakuwa 71 hapa. Ndiyo maana nimeacha wazo la kasha lisilo na feni kabisa. Kwa Dar nataka feni moja, ndogo kazi yake, inayozunguka polepole. Feni ikipunguziwa mizunguko kwa nusu, kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la mtu huhesabu desibeli 10 kuwa kama nusu ya sauti.

Nilivyopitia nafasi zilizopo:

Kiboksi cha Android. Bei ndogo, hakina feni. Jirani ameniazima chake siku mbili. Mikanda yetu ilirekodiwa kwa mfumo wa PAL, ambamo kila picha imegawanywa mistari ya shufwa na ya witiri inayopishana. Kiboksi kile kilishindwa kuiunganisha. Bibi harusi akigeuza shingo, ukingo wa shela unaota meno kama kitana. Nimekirudisha na asante.

Raspberry Pi 5. Inapendeza na inafungua HEVC. Lakini ukishaongeza adapta yake, kasha, kipoozeo na kadi ya kuhifadhia, kwa bei za hapa nusu ya bajeti inaisha, na bado una ubao mdogo usiofikia kompyuta kamili kwa kazi nyingine za nyumbani.

Kompyuta ndogo mpya yenye Intel N100. Hii imeniuma kuiacha. Ni prosesa ya mwanzo wa 2023, wati 6 tu, inafungua hadi AV1, muundo wa video mpya kuliko HEVC. Nilizoziona zinaanzia 480,000, na hakuna aliyekubali niwashe nisikilize feni kabla ya kulipa. Kununua kompyuta ya kimya bila kuisikia ni kununua embe gizani.

Kompyuta ndogo ya mtumba. Hizi ni zile za ofisini zilizotolewa Ulaya na Uarabuni, unene wa sentimita 4 hivi: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Nyingi zina prosesa zenye herufi T mwishoni mwa namba, maana yake zimepangiwa wati 35 badala ya 65. Pawa saplai yake ni adapta ya nje kama ya laptopu, kwa hiyo feni moja imeshaondoka bila jasho. Bei inabaki na nafasi. Nakwenda na hii.

Sharti langu la mwisho: prosesa iwe kizazi cha 7 cha Intel au zaidi. Kizazi cha 6 kinafungua HEVC ya biti 8, lakini ya biti 10 kinahangaika. Cha 7 kinazifungua zote mbili, na muundo wa VP9 wa YouTube pia. AV1 hakiijui. Nimekubali.

Jumamosi, 20 Julai

Kariakoo. Nimetoka saa 2 asubuhi kabla jua halijawa kali. Begani nina mfuko wenye flashi ya Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta), kipande cha sekunde 90 cha yale mahafali katika HEVC ya biti 10, na waya wa HDMI.

Duka la tatu ndilo lililonipa muda. Kijana alikuwa na OptiPlex 3050 Micro mbili juu ya meza. Moja i5-6500T, shilingi 340,000. Nyingine i3-7100T, 290,000. Zote RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500.

"Dada yangu, chukua hii i5," akasema, akaifuta kwa kitambaa. "Hii moto wa kuotea mbali. i3 ni ya kuandikia barua tu."

"Kaka, nipe umeme niziwashe zote mbili, tusikilize."

Akaniangalia, akaingia ndani, akarudi na kiendelezo cha umeme. Mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele, muziki wa duka la simu jirani, mikokoteni, muuza kahawa na vikombe vyake. Kusikiliza feni hapo haiwezekani, kwa hiyo nilitazama namba. Ile i5 ikicheza kipande changu: asilimia 30 na zaidi. Ile i3 ikicheza kipande kilekile: asilimia 6, haikutoka hapo. Nikairudia mara ya pili ili naye aone. Akainamisha kichwa karibu na skrini.

"Sasa hii imekuwaje?"

Nikamweleza. i3 na i5 ni ukubwa wa injini. Namba inayofuata, 6 au 7, ni umri, na king'amuzi kinakwenda na umri. Viini vinne vya i5 ni bora kwa mtu wa hesabu au wa kuhariri video, na nisingemzuia mtu huyo kuichukua. Kwa mtu wa kutazama, i3 yenye umri mdogo inamshinda kaka yake. Akaniomba nimwandikie namba hizo kwenye boksi la simu lililochanika, akaliweka chini ya kioo cha meza yake. Nimefurahi sana, mteja atakayekuja baada yangu atajibiwa vizuri.

Nimelipa 290,000. Adapta haikuwemo. Akanitolea moja kutoka kwenye kreti la adapta, jina lake limefutika, "inafanya kazi, dada." Nikaichukua.

Jumapili, 21 Julai

Kuifungua ni skrubu moja nyuma, mfuniko unateleza. Ndani kuna vumbi la miaka ya ofisi, limejipanga kati ya mapezi ya hitisinki, chuma cha kupoozea prosesa, kama blanketi. Hewa ilikuwa haipiti. Nimeshika feni isizunguke, nikapuliza kwa blowa ya fundi wa mtaani. Pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye hitisinki, ilikuwa imekauka, inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Nimeifuta kwa spiriti na pamba, nikaweka mpya, tone la ukubwa wa punje ya mchele.

Diski ya kuzunguka imetoka. Imeingia SSD ya GB 256, shilingi 65,000, ambayo haina kitu kinachotembea ndani yake. GB 64 ingetosha, lakini ndogo kuliko hii sikuipata mpya. RAM nimeongeza kijiti cha GB 4 kwa 25,000 ili viwe viwili, kwa sababu sehemu ya picha ya prosesa hii inakula RAM ileile ya kompyuta na inapenda njia mbili kuliko moja.

Jumamosi, 27 Julai

Ule mvumo haupo. Kilichobaki ni *tik*. Feni inazunguka polepole, na kila mzunguko wa tatu au wa nne, *tik*. Kwenye chumba chenye kelele usingeisikia. Kwenye chumba tulichokwisha kukinyamazisha ni kama saa ya ukutani iliyo karibu na mto wa kulalia.

Feni ndogo nyingi hizi ekseli yake inakaa ndani ya bushi yenye mafuta. Mafuta yakikauka, ekseli inacheza. Nimetoa feni, nikaigeuza, nikabandua ukingo wa stika kwa ukucha. Chini yake kuna kifuniko kidogo cha mpira, na chini ya mpira, ncha ya ekseli, kavu, ina unga mweusi. Mama ana cherehani, na palipo na cherehani pana mafuta yake. Nimeyavuta kwa bomba la sindano nikaweka tone moja. Moja tu: yakizidi yatarushwa na feni yenyewe hadi kwenye mapezi, na vumbi litapata pa kushika. Nimeizungusha kwa kidole mara ishirini, nikarudisha mpira, nikabandika stika.

*Tik* imekufa. Nimekaa robo saa nikisubiri irudi.

Jumamosi, 3 Agosti

Wiki nzima nimehangaika na jambo ambalo sikulielewa. Kompyuta ikiwaka inaonyesha onyo kwamba aina ya adapta haitambuliki, kisha inakwenda kwa mwendo wa kobe. Kufungua orodha ya mikanda tu, sekunde nne. Nikafikiri nimeharibu kitu wakati wa kubadilisha pesti, nikafungua tena na kukagua, sikuona kosa.

Leo kaka amekuja na mwanawe wa miaka 9. Mtoto amekaa chini karibu na kabati dakika mbili, akaziba masikio.

"Shangazi, kuna mbu ndani ya TV."

Baba hakusikia kitu. Mama hakusikia. Mimi nilipoweka kichwa nyuma ya kabati nikakipata kwa mbali, kilio chembamba, juu kabisa, kama mbu kweli. Kilikuwa kinatoka kwenye adapta. Koili za ndani zinapotetemeka kwa kasi kubwa ya umeme hutoa sauti hiyo, na masikio ya mtu mzima huanza kupoteza sauti za juu kwanza, kwa hiyo waliotangulia kuzaliwa hawamsikii mbu huyu. Nilikuwa nimejenga ukimya wa wazee peke yao na mtoto sikumpima.

Mambo mawili yakaungana hapo hapo. Adapta za Dell zina pini nyembamba katikati ya ncha, na kupitia pini hiyo kompyuta inaiuliza adapta ina wati ngapi. Isipojibiwa inajipunguzia mwendo ili isizidishe mzigo. Ile yangu haina la kujibu. Mchana nimepanda gari hadi Kariakoo. Kijana akaipokea bila ubishi, nikaongeza 35,000 nikapata ya Dell ya wati 65 iliyotumika, volti 19.5, na safari hii nimeitazama pini kwa macho yangu kabla ya kutoa hela. Onyo limeondoka, mwendo umerudi. Mpwa wangu amelala kwenye zulia mbele ya kabati akiwa anachora, hajasema kitu.

Jumamosi, 10 Agosti

Programu. Nimeweka LibreELEC, ambayo ni Linux iliyopunguzwa hadi ikabaki na kazi moja, kuendesha Kodi, programu ya kuchezea video. Ukiwasha unaona mikanda yako, basi. Hakuna madirisha mengine yanayofanya kazi chini kwa chini na kuamsha feni saa 4 usiku. Rimoti ni ile ya kishikizo kidogo cha USB, 28,000, kwa sababu kompyuta hizi kwa kawaida hazisikii amri za rimoti ya runinga kupitia HDMI.

Mipangilio mitatu imeleta tofauti ambayo Baba ameiona bila kuambiwa.

Kwanza, nimeiamuru Kodi ibadilishe mwendo wa skrini ufuate video. Mikanda yetu ni fremu 25 kwa sekunde, na runinga ilikuwa imeachwa kwenye 60. 25 haigawanyi 60, kwa hiyo fremu nyingine zilikaa muda mrefu kuliko nyingine na kila mtu aliyetembea alionekana anakwama kidogo. Sasa mkanda ukianza, runinga inahamia 50. Wacheza ngoma wa harusini wanateleza.

Pili, kuunganisha ile mistari inayopishana kunafanywa na sehemu ya picha ya prosesa. Shela halina meno tena.

Tatu ni kwa ajili ya masikio. Filamu nyingi zina sauti ya njia sita, na maneno ya wahusika yanakaa kwenye njia ya katikati. Zikishushwa kuwa mbili kwa spika za runinga, maneno yanazama chini ya muziki. Kodi ina sehemu ya kuongeza nguvu ya ile njia ya katikati. Nimeipandisha kidogo kidogo Baba akiwa amekaa, hadi aliponyoosha mkono.

Jumamosi, 24 Agosti

Ilibaki diski ya nje. Inazunguka mara 5,400 kwa dakika, mara 90 kwa sekunde, na ilikuwa inapiga ngoma ileile ya mninga, kwa sauti ya chini zaidi. Fundi baiskeli amenipa tyubu iliyokufa. Nimekata vipande vinne, nikavikunja mara mbili, nikaweka diski juu yake. Waya wa USB nao nimeulegeza, kwa maana waya uliokazwa unapitisha mtetemo kama skrubu. Nimeipangia ilale baada ya dakika 10 bila kuguswa. Kiganja juu ya kabati: hakuna kitu.

Usiku tumezima pangaboi, tumefunga madirisha, tumeweka harusi ya 1991. Baba ameegemea kochi, mikono kifuani. Baba mkubwa akasimama na kipaza sauti chake, akakohoa, akaanza. Nilikuwa natazama mgongo wa Baba. Haukutoka kwenye kochi.

"Ukichelewa kurudi, tuma mtu aseme," Baba akarudia taratibu, baada ya kaka yake. Kisha akaniomba nirudishe nyuma, aisikie tena.

Jumamosi, 18 Januari 2025

Nimengoja joto lije kabla ya kufunga shajara, kwa sababu kompyuta iliyopimwa kipupwe tu haijapimwa. Leo saa 8 mchana sebule ina nyuzi 32.

Kwanza niliifungia ndani ya kabati, milango yote imefungwa, kama nionavyo kwa watu wengi. Ikicheza HEVC, baada ya dakika 20 prosesa ilikuwa 74 na feni imeanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, ambayo inaudhi kuliko mvumo ulionyooka. Kisha nikaitoa, nikaisimamisha wima nyuma ya runinga, sentimita 10 kutoka ukutani, hewa ya moto ipande yenyewe. Dakika 20 tena: 63. Feni haikubadilisha mlio. Pale ndipo itakapokaa.

Umeme nimeupima kwa kipimo cha kwenye soketi nilichoazima. Ile ya mnara ilikuwa inakula wati 85 ikicheza HEVC. Hii inakula 14. Kwa saa 5 kila siku ni uniti 10 na nusu zinazobaki kwenye LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, kila mwezi. Kwetu 10,000 inaleta uniti 28, kwa hiyo ni kama 3,800 kwa mwezi.

Matumizi yote: kompyuta 290,000, SSD 65,000, adapta 35,000, rimoti 28,000, RAM 25,000, pesti na spiriti 8,000. Jumla 451,000. Mafuta ya cherehani ni ya Mama, tyubu ni ya bure. Ile diski ya GB 500 nimeiacha kwenye droo, nakala ya pili ya mikanda 20 ya mwanzo. Hiyo 49,000 iliyobaki naiongezea ninunue kubwa zaidi ya kubeba nakala ya yote 58, maana diski moja si mahali pa kuacha sauti ya mtu aliyekwisha kuondoka.

Baba ameuliza kama jaribio limekwisha. Nimemwambia limekwisha, nikawasha pangaboi.